Kukusanya Hati za Wauguzi wa Kijerumani wa Wakati wa Vita: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Kitambulisho cha muuguzi wa Msalaba Mwekundu wa Ujerumani hutosha kwenye mfuko wa gauni. Ukikifungua unakuta picha ndogo ya msichana mwenye kofia nyeupe, jina lake, mihuri miwili, na pengine ukurasa wa stempu za ada zilizobandikwa mwezi baada ya mwezi, kisha zinakoma. Kurasa zinazofuata ni tupu. Mimi hapo ndipo ninapokamatika: kwa nini zilikoma?

Mimi ni muuguzi kwa kazi, mzaliwa wa Dar es Salaam, na kazi yangu sasa iko Ujerumani. Nilianza kukusanya siku nilipokuta sanduku la viatu kwenye gulio la Jumapili la vitu vikuukuu. Ndani yake mlikuwa na maisha ya mwanamke mmoja: cheti cha mtihani, kitambulisho, barua, picha za wodi. Muuzaji alikuwa akiuza kila karatasi peke yake. Nilipofika, vyeti viwili vilikuwa vimeshauzwa asubuhi ile kwa watu wawili tofauti. Nilinunua vilivyobaki, na vile viwili sijavipata hadi leo. Kila ninachoeleza hapa kinatokana na sanduku lile: kusanya maisha ya mtu yakiwa pamoja, maana karatasi moja ikitengwa na wenzake hupoteza zaidi ya nusu ya ilichokuwa inasema.

Kwanza, jua nani alikuwa nani

Wengi hudhani kila muuguzi wa Kijerumani alikuwa wa Msalaba Mwekundu. Palikuwa na vyama vingi, kila kimoja na mavazi, vitambulisho na mihuri yake. Miaka vilipoanzishwa na kuvunjwa ndiyo kinga yako ya kwanza dhidi ya vitu vya kughushi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mizizi ya vyama hivi iko kwenye dini. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner alianzisha nyumba ya mashemasi wa kike huko Kaiserswerth, karibu na Düsseldorf. Florence Nightingale mwenyewe alikwenda kujifunza pale mwaka 1850 na tena 1851. Upande wa Katoliki walikuwapo masista wa mashirika ya kitawa. Kaiserswerth ndiko ulikotoka utaratibu wa Mutterhaus, yaani nyumba mama: muuguzi hakuwa mwajiriwa wa hospitali. Alikuwa wa nyumba yake, nayo ndiyo iliyompangia kituo, ikamlisha, ikamvisha na kumtunza uzeeni. Ukilielewa hilo hutashangaa kuona hati inataja nyumba mama kwa herufi kubwa huku hospitali ikitajwa kwa kupita tu.

Kisha vikaja vyama vya Msalaba Mwekundu. Malkia Augusta wa Prussia alianzisha Vaterländischer Frauenverein mwaka 1866, chama cha wanawake kilichoenea nchi nzima. Mwaka 1903 Agnes Karll aliunda chama cha wauguzi huru, wale wasiokuwa chini ya nyumba yoyote. Mwaka 1921 vyama vya Msalaba Mwekundu vilikusanywa chini ya mwavuli mmoja, Deutsches Rotes Kreuz, ambao tangu hapa nitauita DRK kama wanavyouita wenyewe.

Wanazi walipotwaa madaraka mambo yalibadilika haraka. Mwaka 1934 ilianzishwa NS-Schwesternschaft, wauguzi wa chama tawala, walioitwa "masista wa kahawia" kwa sababu ya gauni zao. Mwaka 1936 wauguzi huru waliundiwa Reichsbund yao, yaani umoja wa nchi nzima, hao wakaitwa "masista wa bluu", na chama cha Agnes Karll kikafutwa mwaka 1938. Kahawia na bluu waliunganishwa mwaka 1942 kuwa NS-Reichsbund Deutscher Schwestern.

DRK nayo ilibanwa. Sheria ya tarehe 9 Desemba 1937 ilivunja vyama vyake vya matawi, vile vya wanawake vikiwamo, ikavifanya kuwa chombo kimoja kilichopangwa kama jeshi: Landesstelle, yaani ofisi za mikoa, zenye namba za Kirumi, chini yake Kreisstelle za wilaya, na chini kabisa Bereitschaft, vikosi, ambavyo mihuri yake huonyesha (w) kwa vya wanawake na (m) kwa vya wanaume. Rais wake alikuwa mtawala wa zamani wa Saxe-Coburg na Gotha, Carl Eduard, lakini mwendeshaji wa kweli alikuwa Ernst-Robert Grawitz, daktari mkuu wa SS, kikosi chenye silaha cha chama cha Nazi. Nembo ya wakati huo ni tai mweusi mwenye swastika kifuani, aliyeshika msalaba mwekundu kwa kucha zake.

Sasa zitumie tarehe hizo. Ukiuziwa kadi ya Vaterländischer Frauenverein iliyotolewa mwaka 1940, simama. Kadi ya NS-Reichsbund Deutscher Schwestern ya mwaka 1939, simama. Barua ya DRK ya mwaka 1935 yenye tai wa swastika na msalaba kuchani, simama vilevile. Fomu za zamani kweli ziliendelea kutumika ili kubana matumizi ya karatasi, lakini hapo utakuta jina la zamani limekatwa kwa mstari au limepigwa muhuri mpya juu yake.

Jambo moja zaidi linalowagharimu wanunuzi fedha. Schwester ni muuguzi aliyesomea, wa nyumba mama. Helferin ni msaidizi wa kujitolea aliyepewa mafunzo mafupi, na hao walikuwa na vyeo vyao: Anwärterin, Helferin, Oberhelferin, Haupthelferin. Wauzaji huwaita wote Schwester kwa sababu neno hilo hupandisha bei. Soma hati yenyewe kabla ya kuamini tangazo.

Chagua uwanja wako

Huwezi kukusanya vyote, na ukijaribu utaishia na lundo. Chagua kitu kinachoshikika: mkoa mmoja, nyumba mama moja, treni za wagonjwa, wasaidizi wa kujitolea, au Vita Kuu ya Kwanza peke yake. Mimi nilichagua wauguzi wa Ujerumani ya kaskazini wa miaka 1939 hadi 1948, na baadaye nitaeleza kwa nini sikuishia 1945.

Msomaji wa pwani yetu ana uwanja mwingine unaomhusu moja kwa moja. Mwaka 1886 Frieda von Bülow alishiriki kuanzisha umoja wa wanawake uliolenga kazi ya uuguzi makoloni, na mwaka 1887 alifika Zanzibar kwa kazi hiyo. Umoja huo ndio uliozaa chama cha uuguzi wa makoloni, ambacho baadaye kiliingia chini ya Msalaba Mwekundu. Wauguzi wake walihudumu Dar es Salaam katika hospitali ya Ocean Road iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, huku Waafrika na Wahindi wakitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji. Vita vilipofika mwaka 1914, wanawake wa Kijerumani waliuguza majeruhi kuanzia mapigano ya Tanga mwezi Novemba hadi Tabora ilipotekwa na Wabelgiji mwezi Septemba 1916. Hati za wauguzi hao ni adimu na bei yake ni kali. Kadi za posta na picha hupatikana kwa urahisi zaidi. Ukizipata, ziangalie kwa makini: nyuma ya muuguzi aliyetajwa jina husimama wasaidizi wetu wasiotajwa.

Jifunze kusoma kabla ya kununua

Nilitumia miezi mitatu kujifunza mwandiko kabla ya kununua kitu cha pili, na sijajutia hata siku moja. Chapa nyingi za kabla ya 1941 ni za herufi za Fraktur, zile zenye kona kali, ambamo s ndefu hufanana na f. Mwandiko wa mkono ni Kurrent kwa waliozaliwa zamani, na Sütterlin kwa waliosoma baada ya 1915, mwaka ulipoanza kufundishwa katika shule za Prussia. Katika miandiko hiyo yote miwili e hufanana na n, na u huwekewa kijikono juu ili isichanganywe. Tarehe 3 Januari 1941 serikali iliagiza kuachana na Fraktur, na shule zikahamia mwandiko wa Kilatini. Fomu iliyochapwa mwaka 1943 kwa herufi za kawaida haipaswi kukutisha. Msichana wa miaka 20 kwenye hati ya mwaka 1940 anayetia saini kwa mwandiko wa kisasa kabisa, wa mviringo na uliolala, huyo mwangalie mara mbili.

Yaweke kichwani maneno machache: geb. ni tarehe ya kuzaliwa, ausgestellt am ni siku hati ilipotolewa, gültig bis ni mwisho wa kutumika, eingetreten ni siku ya kujiunga. Kando ya saini utakuta i.V. (aliyetia saini anashika nafasi ya mkuu), i.A. (ametumwa na mkuu) au F.d.R. (anathibitisha kuwa nakala ni sahihi). Saini halisi ya ofisi ndogo mara nyingi huwa na mojawapo ya hizo. Waghushi hupenda saini za wakubwa.

Hati zipi utafute

Kitambulisho ndicho kinachouzwa kwa wingi, lakini kikiwa peke yake husema machache. Mimi hutafuta kwanza vitu vinavyoonyesha mwendo wa mtu.

Arbeitsbuch, kitabu cha kazi kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1935, huorodhesha mwajiri mmoja mmoja na tarehe za kuingia na kutoka. Cheti cha mtihani wa uuguzi kinakuonyesha alisoma wapi. Mtihani wa serikali ulipangwa mwaka 1906, na sheria ya Septemba 1938 iliweka mafunzo ya mwaka mmoja na nusu kwa nchi nzima. Kuna vitabu vya ada, amri za kuhamishwa kituo, vibali vya likizo, na hati za kusafiria kwa treni.

Barua za Feldpost, yaani posta ya jeshi, ni hazina. Zilisafiri bila stempu, na mahali pa anwani pana namba ya tarakimu 5 badala ya jina la mahali. Kwa kutumia orodha za namba hizo zilizochapishwa baada ya vita unaweza kujua kama mwandishi alikuwa hospitali ya kivita, treni ya wagonjwa au Soldatenheim, nyumba ya mapumziko ya askari ambayo mara nyingi iliendeshwa na wauguzi wa DRK. Barua huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu wengi hawawezi kuzisoma. Wewe sasa unaweza.

Halafu vipo vyeti vya tuzo. Vita Kuu ya Kwanza ina medali ya Msalaba Mwekundu ya Prussia, iliyoanzishwa na Wilhelm II tarehe 1 Oktoba 1898 kwa madaraja 3. Daraja la tatu ndilo utakalokutana nalo. Kwa Vita Kuu ya Pili utaona zaidi medali ya Volkspflege, daraja la chini la tuzo ya huduma za jamii iliyoanzishwa tarehe 1 Mei 1939, na Msalaba wa Sifa za Vita ulioanzishwa tarehe 18 Oktoba 1939. Vyeti vya Volkspflege vina saini iliyochapwa ya Otto Meissner, mkuu wa ofisi ya urais. Akikuambia mtu kuwa ni saini ya kalamu, shika lenzi. Medali zenyewe zilitengenezwa kwa wingi na hazina jina, kwa hiyo thamani ya historia iko kwenye cheti, na ndiyo maana vyeti hughushiwa zaidi.

Usiishie mwaka 1945. Baada ya vita wauguzi wengi walijaza fomu za kuchunguza uhusiano wake na Unazi. Katika eneo la Wamarekani fomu hiyo, Fragebogen, ilikuwa na maswali 131. Ukipata fomu hiyo pamoja na kitambulisho cha vita cha mtu huyohuyo, unaweza kulinganisha alichokuwa na alichosema alikuwa. Hakuna karatasi iliyonifundisha mengi kuliko hizo. Utaona pia vitambulisho ambavyo swastika imekwanguliwa au kufunikwa kwa wino, maana wenyewe waliendelea kuvitumia. Mkwaruzo huo ni sehemu ya historia ya hati. Usithubutu kuusafisha.

Mabizimu na vitambaa vya mkononi

Muuguzi wa Kijerumani alivaa bizimu la kubana ukosi wa gauni, Brosche kwa lugha yao, lenye jina au nembo ya chama chake. La DRK lina namba nyuma. Ukipata bizimu na kitambulisho kilichoandikwa namba ileile, umepata jambo kubwa, kwa hiyo kagua kama namba kwenye karatasi imeandikwa kwa wino uleule wa maneno mengine. Hapo ndipo wajanja wanapofunga ndoa vitu viwili visivyojuana.

Vitambaa vya mkononi vyenye msalaba mwekundu vimejaa sokoni, na vingi ni vipya. Kumbuka Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929: mhudumu alitakiwa avae kitambaa mkono wa kushoto, kikiwa kimetolewa na kupigwa muhuri na mamlaka ya jeshi, na awe na hati ya utambulisho. Kitambaa kisicho na muhuri huenda ni cha kweli cha huduma ya nyumbani, ila usilipie bei ya kile cha vitani. Muhuri uliopigwa kwenye pamba husambaa ndani ya nyuzi, na ukifuliwa hufifia pamoja na kitambaa. Muhuri mweusi tii juu ya kitambaa kilichochakaa una maswali ya kujibu.

Na usivivae. Alama ya msalaba mwekundu inalindwa na Mikataba ya Geneva hata leo, na kuna watu wanaitegemea kuokoa maisha yao.

Sheria

Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya makosa ya jinai kinakataza kuonyesha hadharani au kusambaza alama za Kinazi, isipokuwa kwa elimu, utafiti, sanaa na historia. Ndiyo maana wauzaji makini hufunika swastika kwenye picha za matangazo. Kumiliki hati nyumbani kwako si kosa. Kuweka picha yake wazi kwenye mtandao wa kijamii bila maelezo kunaweza kuwa kosa. Austria ni kali zaidi kwa sheria yake ya mwaka 1947, na Ufaransa nayo inakataza maonyesho ya hadharani. Baadhi ya masoko makubwa ya mtandaoni yamepiga marufuku vitu vyenye nembo hizo, kwa hiyo utanunua zaidi kwenye minada maalumu, magulio, maduka ya vitabu vikuukuu na kwa familia zenyewe. Ukiagiza kwenda nchi nyingine, uliza forodha ya huko kabla ya kulipa.

Kupima uhalisi

Hii ni kazi ya mikono na macho, na nina utaratibu nisiouruka hata nikiipenda hati kiasi gani. Niliwahi kuuruka mara moja. Nilinunua kitambulisho cha Helferin kwa haraka, kwenye baridi, kwa sababu uso wa kwenye picha ulinigusa. Nyumbani niligundua kuwa duara la muhuri lililoanzia kwenye karatasi halikuendelea vizuri juu ya picha. Kitambulisho kilikuwa cha kweli, picha ilikuwa ya mtu mwingine, aliyebandikwa hapo kwa sababu alivaa sare nzuri. Muuzaji hakukubali kukirudisha.

Kwa hiyo anza na picha. Picha ilishikizwa kwa gundi au kwa vipete vidogo vya chuma vilivyotoboa picha na karatasi kwa pamoja. Ibinue hati kwenye mwanga wa ubavuni. Je, kipete kimeacha alama moja tu nyuma, au kuna tundu la zamani pembeni? Kutu ya kweli huhamia kwenye ukurasa unaogusana nacho. Kisha fuata duara la muhuri kwa lenzi ya kukuza mara 10, ile ya masonara: mstari upite kutoka karatasi hadi picha bila kuruka, herufi zikutane, na wino uwe rangi moja, ingawa juu ya picha utang'aa kidogo zaidi.

Baada ya hapo angalia namna ilivyochapwa. Fomu za wakati ule zilichapwa kwa herufi za risasi, na ukipitisha kidole nyuma ya karatasi wakati mwingine unahisi mgandamizo. Printa ya wino huacha vidoti vya rangi rangi, hata mahali panapoonekana peusi. Printa ya leza huacha unga unaong'aa juu ya karatasi bila kuingia ndani. Tafuta maandishi madogo chini ya ukurasa: jina la mpiga chapa, namba ya fomu, mara nyingi mwezi na mwaka. Fomu iliyochapwa mwaka 1942 haiwezi kutolewa mwaka 1940, na utashangaa ni waghushi wangapi husahau kulisoma.

Wino. Kalamu ya bolpeni ilienea baada ya vita. Ukiona mstari wake, wenye mfereji katikati na vibonge vidogo kwenye mikunjo ya herufi, kwenye saini ya mwaka 1941, hati hiyo iache. Kama ni maandishi ya pembeni, huenda mjukuu aliandika jina la bibi yake, na hilo halina ubaya.

Sasa zima taa uwashe tochi ya UV, ile ya kukagulia noti. Karatasi za baada ya vita, tangu miaka ya 1950, huwekewa kemikali ya kung'arisha, nazo huwaka kwa rangi ya samawati nyeupe. Karatasi ya wakati wa vita hubaki hafifu, ya manjano au kahawia. Angalia pia karatasi ya nyuma ya picha. Ila tahadhari na vitambaa: sabuni za kisasa zina kemikali hiyohiyo, kwa hiyo kitambaa cha kweli kilichofuliwa mwaka 1970 kitawaka pia. Kwa kitambaa, UV peke yake isikufanye uhukumu.

Uzee wa karatasi nao una tabia yake. Karatasi za mwisho wa vita ni duni, za massa ya mbao, nazo huungua rangi kuanzia kingoni kuelekea ndani, mahali hewa na mwanga vilipofika. Karatasi iliyochovywa kwenye chai huwa na rangi sawa kila mahali na hukoza kwenye mikunjo. Inuse. Pua haikosei mara nyingi.

Mwisho, soma hati kama muuguzi anavyosoma faili la mgonjwa. Umri wake unalingana na cheo? Aliingia mafunzo akiwa na miaka mingapi? Kreisstelle kwenye muhuri iko chini ya Landesstelle iliyotajwa juu? Tarehe ya likizo inaangukia siku aliyosainiwa kazini mahali pengine? Kughushi karatasi moja ni rahisi. Kughushi 5 zinazokubaliana ni kazi ngumu mno, na hapo ndipo seti nzima inapokulinda.

Muulize muuzaji alikoipata. Jibu la kweli huwa fupi na la kawaida: nyumba fulani ilifungwa mzee alipofariki, mji fulani, mwaka fulani. Liandike palepale. Na uulize: "Kuna vingine vya mtu huyu?" Swali hilo limenipa zaidi ya nusu ya nilivyo navyo.

Kumtafuta mwenyewe

Ukiwa na jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, unaweza kuandikia Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Huko ziko kumbukumbu za iliyokuwa WASt, ofisi ya taarifa za wanajeshi iliyoanzishwa mwaka 1939 na kuingizwa Bundesarchiv tarehe 1 Januari 2019, pamoja na kadi za wanachama wa chama cha Nazi zilizokabidhiwa na Wamarekani mwaka 1994. Taarifa za mtu binafsi hufunguliwa miaka 10 baada ya kifo chake, na kama siku ya kifo haijulikani, miaka 100 baada ya kuzaliwa. Eleza ombi lako kwa ufupi, ambatisha nakala, kisha subiri. Jibu huchukua miezi.

Jiandae kwa utakachokipata. Wauguzi hawa waliwafunga majeraha vijana wa miaka 18, na baadhi yao waliua. Kati ya Januari 1940 na Agosti 1941, katika vituo 6 vya T4, mpango wa Wanazi wa kuua wagonjwa, Hadamar na Hartheim vikiwamo, waliuawa watu zaidi ya 70,000 wenye ulemavu na magonjwa ya akili, na wauguzi waliwasindikiza mabasini na kuwavua nguo. Hospitali nyingine ziliendelea kuua kwa dawa na njaa hadi mwisho wa vita. Muuguzi mkuu wa Hadamar, Irmgard Huber, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 1945. Mwaka 1947 muuguzi Helene Wieczorek aliuawa kwa hukumu ya mahakama kwa mauaji ya hospitali ya Meseritz-Obrawalde. Kwa hiyo linganisha kila jina la kituo na orodha ya vituo hivyo. Mimi nina cheti kimoja cha mafunzo kutoka hospitali iliyopeleka wagonjwa wake kwenye mabasi yale. Mwenye cheti aliondoka miezi 4 kabla. Alijua nini, karatasi haisemi, na sijamwandikia jibu ambalo hakuliacha. Hati za aina hii nakushauri upeleke nakala kwa makumbusho ya mahali husika. Huenda jina unalolishikilia ndilo wanalolitafuta.

Uchapishapo chochote, ficha jina ikiwa mtu au watoto wake huenda wako hai.

Kutunza

Shika karatasi kwa mikono safi iliyokauka. Glovu za pamba hukwaruza na kurarua kingo. Kwa picha na vyuma tumia glovu za nitrili. Weka kila hati kwenye mfuko wa poliesta au bahasha ya karatasi isiyo na asidi, na epuka kabisa mifuko ya PVC, inayonata na kula wino. Usitumie gundi, selotepu wala laminesheni. Pini za chuma ziondoe tu kama zinaendelea kupata kutu, na piga picha kwanza ionyeshe zilikokaa.

Anayeishi Mombasa, Tanga au Muscat ana adui mkubwa kuliko mwanga, nao ni unyevu. Tumia sanduku la plastiki gumu lenye mfuniko unaobana, mifuko ya silika jeli inayokaushwa kila mwezi, na kipimo kidogo cha unyevu ndani. Lenga asilimia 35 hadi 50. Sanduku likae juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu. Mchwa hawaheshimu historia ya mtu.

Skani kila ukurasa, hata ulio mtupu, pande zote mbili, kwa angalau dpi 600, na hifadhi nakala mahali pawili. Kisha mwandikie kila mtu kadi yake: jina, kuzaliwa, vyama, vituo kwa tarehe, hati ulizo nazo, ulikonunua, bei, na ambayo bado hujui. Safu hiyo ya mwisho usiione aibu kuijaza.

Na usisubiri uzeeni kuamua nani atarithi. Andika leo jina la hifadhi au makumbusho, ongea nao, wape orodha. Masanduku yangu ni 11, moja kwa kila muuguzi, na juu ya kila mfuniko nimeandika kwa wino usiofutika, kwa Kijerumani na kwa Kiswahili, jina lake na maneno haya: visitenganishwe.